Shati Nyekundu ya Athanase

Mutanicheka, lakini miye sikuenda Kirotshe kuangalia art. Art ni ya watu wenye walikula wakashiba. Nilienda kuchukua shati ya bwana yangu.

Athanase alifia mu shimo ya wachimbaji kule Omate, mawe ikamufunika. Mwili haikutoka. Kwetu Mpofi, mwili ikikosekana tunazika mugomba: tunaukata urefu wa muntu, tunauvalisha manguo yake, tunaulilia, ili marehemu ajue amezikwa, asirudi kubisha ku mulango. Sasa miye, kichwa ngumu, nilificha shati yake nyekundu kwa sababu ilikuwa mupya. Mugomba nikauzika na kaptura tu, nimeifunga na kamba ya kitenge changu.

Kisha akapita Plamedi, kijana wa art, anaomba manguo ya wachimbaji wenye walikufa, ya kutundika mu exposition yake, maonyesho ya art kule Kirotshe. Nguo ingine ya Athanase haikubaki, nikamupa ile shati.

Tangu pale mutoto wangu Noëlla akaacha kula. Kila jioni anaangalia mulango: "Papa anaulizia shati yake." Miaka sita, amebaki mifupa. Papa Marcellin, kaka mukubwa wa Athanase, akaniambia: "Enda uichukue, tuizike, kabla mutoto naye hajaenda."

Siku mbili ku barabara. Nilifika saa kumi na mbili ya jioni. Mu salle manguo yalining'inia ku kamba, matupu, na bafle, ile spika kubwa, ilikuwa inatoa sauti ya nyundo. Ko... ko... ko... Watu wanapiga picha na telefone, wamenyamaza kama mu kanisa.

Harufu ikanikuta. Udongo mubichi, ule wa chini kabisa.

Shati nyekundu ilikuwa ku kona.

Haikuwa tupu.

Ndani kulikuwa mugomba. Umeoza, umejaa matope, na katikati kamba ya kitenge changu, na fundo niliyofunga miye mwenyewe.

"Plamedi," nikanong'ona, "nani alileta hii?"

"Mama Noëlla, miye nilitundika manguo tu. Leo asubuhi ndiyo tulikuta iko hivi. Watu wanaipenda, tukaiacha."

Eti wanaipenda. Nikaivua ile shati. Kama mugomba iko hapa, mu kaburi kuko nani?

Nikapigia Bibiche, mudogo wangu, mwenye nilimuachia mutoto. Alijibu kwa sauti ya chini sana.

"Dada... Noëlla anakula. Anacheka."

"Asante Mungu."

"Iko mu mapaja ya baba yake."

Ko... ko... ko...

"Baba yake iko kifua wazi, dada. Amejaa udongo. Anasema hatamuachilia mutoto mupaka ufike na shati."

Niko mu njia saa hii. Bibiche hashiki tena telefone. Naogopa, siwafichi. Shati niko nayo hapa, nimeikunja vizuri, na sijui kama namupelekea ili aende, au ili abakie.