Kitambaa Cheupe Juu ya Mashine

Kila aliporudi kutoka shule, Chiriku alinawa mikono, akamwamkia mama yake mdogo, kisha akachungulia sanduku la kukaushia. Lilikuwa kabati kuukuu lililofungwa taa mbili ndani, nalo lilikaa sebuleni, kwa maana sebule ndiyo iliyokuwa karakana. Hapo mama mdogo alifufua kanda za zamani zilizolowa maji au kushikwa na ukungu, akahamishia sauti na picha zake kwenye kompyuta.

Jina la Chiriku alipewa na marehemu mama yake, kwa sababu utotoni mdomo wake haukujua likizo. Mama alifariki mwaka uliopita. Jina likabaki, maneno yakapungua.

Kanda moja tu ndiyo iliyokuwa na sauti ya mama, na mvua ilipoingia nyumbani ililowa chapachapa. Sasa ilikuwa sandukuni, siku ya tatu kati ya kumi. Kwenye rafu ya juu ilikaa kanda ya fundi seremala, yenye sauti ya mwanawe aliyefariki akiwa na miaka kumi na mitano. Hiyo ilikuwa imekauka, na mwenyewe angekuja kesho yake kuisikiliza.

"Yako usiiguse," mama mdogo alikuwa amemwambia. "Kanda mbichi ukiicheza, ule unga unaobeba sauti unabanduka. Ukibanduka, haurudi."

"Siku kumi ni nyingi, mama mdogo."

"Ni nyingi, najua. Lakini bora kungoja kuliko kukosa kabisa."

Ijumaa hiyo mama mdogo alitoka kwenda kununua spiriti ya kusafishia. Kabla ya kuondoka aliifunika mashine ya kuchezea kanda kwa kitambaa cheupe. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba: kitambaa kikiwa juu, mashine imesafishwa, na atakayekuja hana haja ya kuuliza.

Kulikuwa na jambo ambalo Chiriku hakumwambia mtu. Alikuwa ameanza kuisahau sauti ya mama yake. Asubuhi ile, akipiga mswaki, alijaribu kuisikia kichwani, akasikia ya mwalimu wa hesabu. Hofu hiyo ndiyo iliyomfanya afungue sanduku, aondoe kitambaa na kuiweka kanda mashinini.

Ikalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Likasikika nusu neno, kisha kimya. Alipoitoa, ukanda ulikuwa umebanduka sehemu nyingi, hata vidole vikaonekana upande wa pili. Kwenye kichwa cha mashine, pale panaposoma sauti, palikuwa na tope la kahawia.

Alilia hadi kwikwi zikamshika. Kisha, badala ya kumngoja mama mdogo amwambie, aliirudisha kanda sandukuni na kuifunika mashine kwa kitambaa cheupe. Mama mdogo aliporudi alimkuta anafanya hesabu.

Jumamosi fundi seremala alifika na shati lililopigwa pasi, vumbi la mbao bado masikioni.

"Shikamoo, mzee," Chiriku aliamkia.

"Marahaba, mwanangu. Dada, mimi tangu jana hata chai haipiti."

"Kaa, fundi. Leo utamsikia."

Mama mdogo alivuta kitambaa bila kuitazama mashine. Angeitazama ya nini, na kitambaa kilishasema? Akaichukua kanda ya seremala. Chiriku alijua lile tope lingeikwaruza kama msasa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya kwake ilikuwa ikipita juu ya mtoto wa mtu.

"Mama mdogo, usiiweke," alisema. "Mashine ni chafu. Mimi ndiye niliyeifunika jana."

Mama mdogo aliirudisha kanda mezani taratibu. Akachovya pamba kwenye spiriti, akapangusa kichwa cha mashine, pamba ikatoka ya kahawia. Akachukua ya pili, nayo vilevile.

"Hii ni ya kanda gani?" aliuliza, ingawa alishajua.

"Ya mama."

Akaiangalia ile pamba kwa muda mrefu. Aliyekuwa amebaki kwenye pamba ile alikuwa dada yake wa toka nitoke. Hakugomba. Alipangusa mpaka pamba ikatoka nyeupe, akamwita Chiriku athibitishe kwa macho yake, ndipo akaiweka kanda ya seremala.

Sauti ya kijana ikatoka, akijifanya mtangazaji wa mpira na kufunga mabao kumi mfululizo. Seremala alicheka, kisha akajifunika uso kwa kofia yake.

Alipoaga, alimwinamia Chiriku. "Mwanangu, ya jana siwezi kukusaidia. Ya leo nakushukuru."

Siku ya kumi ilipotimia, mama mdogo alicheza kilichosalia kwenye ile kanda nyingine. Katika nusu saa nzima zilipatikana sekunde kumi na moja. Mtoto alikuwa akipayuka, kisha sauti ya mwanamke ikasema, "Chiriku, nyamaza basi, na wengine tuseme." Baada ya hapo ilikuwa mivumo mitupu.

Chiriku alilia kwa uchungu, maana zilizopotea alizijua ni nyingi kiasi gani.

"Maji yakimwagika hayazoleki," mama mdogo alisema, akimfuta uso. "Kosa la kwanza lilikuumiza wewe, na mimi pia. Lile la kufunika ndilo baya zaidi, kwa sababu lingemuumiza mtu asiyekukosea lolote. Kosa likisemwa, tunachukua pamba tunasafisha. Likifunikwa, linamngoja mwingine."

"Kitambaa utakiamini tena?"

"Nitakiamini. Ila si wiki hii."

Chiriku akachukua pamba, akasafisha kichwa cha mashine, akamwita mama mdogo aje atazame. Mama mdogo alitazama, akatikisa kichwa kukubali. Kitambaa walikitandika pamoja.

"Mama aliniambia ninyamaze," Chiriku alisema.

"Alikuambia. Lakini siku ile ya seremala, angefurahi ulivyomkaidi."