Sahihi ya Luzira

Gari lilinuka udi. Hilo ndilo lilimshangaza Muhamadi asubuhi ya Jumatatu, kwa sababu Odyek, dereva wake wa kila siku, alikuwa Mkatoliki wa Lira asiyejua udi wala ubani, na mizigo ya nyuma ilikuwa vipuri vya pikipiki, viatu na dawa za nywele. Chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine, ya tope la ziwa. Alifungua madirisha yote, akajiambia kwamba gari la kampuni halichaguliwi.

Muhamadi alikuwa dereva wa akiba, yule anayeitwa kazini dereva wa kudumu akiugua. Odyek alisema anaumwa mgongo. Kampuni ya vifurushi ilimpa Muhamadi wiki moja ya majaribio, na sharti lilikuwa moja tu, asirudishe mizigo bohari. Mkewe Sumayiya alikuwa na mimba ya miezi minane, baada ya mbili zilizoharibika. Safari hii aliapa atazalia hospitali ya maana, na bila kazi hiyo ya mumewe asingeweza.

Mzigo wa mwisho siku ile ulikuwa wa Luzira, mtaa wa kando ya ziwa pembezoni mwa Kampala. Kilikuwa kiboksi chepesi kilichofungwa kwa kamba ya katani, hakina jina la mtu, kina namba ya nyumba na ya simu tu. Nyumba yenyewe ilikuwa mbele ya gereza, karibu na maji, geti limefungwa kwa mnyororo wenye kutu. Alibisha mpaka vidole vikamuuma. Alipopiga ile namba, mwanamke aliitika.

“Nimo ndani,” alisema kwa sauti ya chini. “Nipokee.”

Simu ikakatika. Muhamadi akampigia Abalo, msimamizi wa bohari.

“Banange, hiyo boksi tena!” Abalo alisema. “Odyek alirudisha hiyo kila siku, wiki mzima. Wewe uko kwa majaribio, Muhamadi. Usiniletee.”

Hapo alifanya wanachofanya madereva wa vifurushi wakibanwa, na mimi simlaumu, maana asiyewahi kusimama juani mbele ya geti lililofungwa ana maneno mengi. Alifungua simu ya kazi, penye nafasi ya mpokeaji akaandika jina lake mwenyewe, akatia sahihi kwa kidole, kisha akakisukuma kiboksi chini ya geti. Kioo cha simu kikaonyesha kwamba mzigo umepokelewa, naye akarudi mjini akipiga mluzi.

Kesho yake alisikia mtu anapumua nyuma ya kiti chake. Alisimamisha gari mara tatu akafungua mlango wa nyuma, na mara zote tatu aliona mizigo tu. Lakini kila aliposhika breki, kitu kilisogea huko nyuma, si kama boksi linavyoteleza, bali taratibu, kama mtu anayejiweka vizuri apate kukaa.

Jumatano alikuwa Kikuubo, kwenye vichochoro vya maduka ya jumla, amebanwa katikati ya wachukuzi na magunia, mchana kweupe. Jean-Claude, Mkongo muuza vitenge, alikuja kuchukua mzigo wake, akafika dirishani akasita.

“Kaka, ule mama uko naye, analilia nini?”

“Mama gani? Niko peke yangu.”

Jean-Claude alichungulia tena, akarudi nyuma hatua mbili. “Basi bakia na mzigo yangu,” alinong'ona. “Siitaki.”

Muhamadi alipandisha gari kilima cha Old Kampala huku akikataa kutazama kioo cha juu, akisoma Ayatul Kursiy na kuikosea, yeye aliyeijua tangu utotoni, akianza upya na kuikosea palepale, na kila alipokosea sauti laini nyuma ya shingo yake ilimalizia aya vizuri, bila kosa, kisha ikanyamaza imsubiri aendelee. Alikwenda kwa Sheikh Abdul-Latif, aliyemfundisha hiyo Kurani. Sheikh alivuta pumzi mara moja tu, akamzuia palepale kizingitini.

“Usiingie naye kwangu, mwanangu. Ulipokea nini?”

Muhamadi akamweleza yote.

“Kuna mtu aliyemfunga jini huyu kiboksini ili amhamishie kwa mwingine,” sheikh alisema kwa sauti ya kujificha. “Huyu haingii kwa nguvu. Anamfuata aliyekubali kwa hiari yake kwamba amempokea, na wewe umekubali. Nenda leo hii, sahihi ile ifutwe, useme ukweli kwamba ulidanganya. Na mwambie mkeo asikubali kupokea chochote, hata kwa mdomo. Akipata nyumba yenye mimba, hatoki.”

“Inshallah, sheikh.”

Lakini mkataba wa kazi ulikuwa wa kutiwa sahihi Ijumaa. Kukiri Jumatano ni kufukuzwa Jumatano, na siku mbili, alijiambia, si nyingi. Wala Muhamadi hakumwambia Sumayiya neno, kwa kuwa mimba mbili za kwanza zote ziliharibika baada ya mshtuko. Nia yake ilikuwa njema, na woga wake ulikuwa mkubwa kuliko nia. Alhamisi aliendesha kutwa nzima na kile kilio kidogo mgongoni, gari limejaa baridi ya ziwani ingawa jua lilikuwa linachoma, akiomba Mungu amvumilie mpaka kesho.

Ijumaa bosi alimpa mkono na mkataba. Wino haujakauka, Muhamadi alikuwa mezani kwa Abalo.

“Ile sahihi ya Luzira nataka uifute. Nilitia mimi.”

Abalo alitazama mlango wa bosi. “Nyamaza basi. Najua. Kompyuta ilikataa, dereva na mpokeaji jina moja. Wangekufukuza. Nilirekebisha asubuhi.”

“Uliifuta?”

“Nilibadilisha. Niliweka jina ya bibi yako, Sumayiya, ile uliandika kwa fomu. Nikampigia simu, nikamwambia ofisi kubwa wakiuliza, aseme amepokea. Akakubali vizuri kabisa. ‘Ndiyo, nimepokea,’ akasema. Wewe una bibi mzuri.”

Hakuweza hata kumkasirikia. Alitoka uani mbio, akapiga simu nyumbani, ikaita, ikaita, mpaka ikapokelewa.

“Usipige kelele, Muhamadi.” Sumayiya alikuwa ananong'ona, na sauti yake ilikuwa ya furaha. “Nimepumzika. Mtoto hajacheza tangu asubuhi, nilianza kuogopa, lakini huyu mama anasema ni kawaida. Ameniwekea mkono tumboni. Mkono wake una baridi nzuri.”

“Mama gani?”

“Si mgeni wako wa kazini? Kasema wewe unamjua.”

“Sumayiya, toka nje. Toka sasa hivi, nakuja!”

Alimsikia mkewe akigeuka kumwuliza mtu kitu, kisha akicheka kidogo.

“Anasema uendeshe taratibu,” Sumayiya alisema. “Yeye ameshafika, hana haraka tena.”