Kilio cha Sooronbai

Ilianza na harufu ya mkate. Mkate wa moto, wa ufuta, ndani ya hema la sufu lililosimikwa uani kwa ajili ya maiti, wakati tanuri la nyumba ile lilikuwa limejaa theluji hadi mdomoni.

"Nani anaoka?" aliuliza Apa Uulkan, mama wa marehemu, akiwa ameketi kando ya jeneza la bati lililotoka Moscow.

"Njaa hiyo, Apa," mwanawe mkubwa, Sooronbai, alimjibu kutoka nje. "Wewe lia tu."

Kulia alikujua yeye. Wanaume wa Kikirgizi wa Naryn humlilia maiti nje ya hema, wameinamia fimbo, wakipaza sauti: "Ndugu yangu! Ndugu yangu wee!" Jina halitajwi, ni udugu tu. Na Sooronbai akipaza yake, farasi hukata kamba. Katika msiba wa jirani aliwahi kulia mpaka mfiwa mwenyewe akaja kumbembeleza.

Leo marehemu alikuwa mdogo wake, Jyrgal, fundi wa kupaka rangi aliyeanguka kutoka ghorofani ugenini. Sooronbai ndiye aliyemfuata, akahangaika ofisi hadi ofisi mpaka maiti ikapanda ndege. Kijiji kizima kilimheshimu. "Nilimbusu kwenye paji la uso," aliwasimulia watu, na kila aliposimulia, busu lilizidi kuwa refu.

Wageni wakatokea langoni. Sooronbai akavuta pumzi.

"Ndugu yangu weee!"

"Labeka, aka."

Sauti ndogo, ya adabu, kutoka ndani ya bati.

Binamu yake, Mirlan, aliyeinama pembeni yake, alinong'ona bila kuinua kichwa. "Umesikia?"

"Upepo."

"Upepo unasema 'aka'?"

Sooronbai aliinamia fimbo zaidi. Tangu ajue kusema, Jyrgal alimwita "baike", kama kila mtu wa Naryn amwitavyo kaka yake. "Aka" ni neno la Wauzbeki, wa ng'ambo ya mpaka.

"Moscow hubadilisha watu," Mirlan alinong'ona, meno yakigongana, "lakini mtu aende Mkirgizi arudi Muuzbeki? Lia tena, tusikie."

"Lia wewe!"

"Ndugu ni wako, bwana!"

Wageni walikuwa wakimtazama, wakingoja kile kilio maarufu, na Sooronbai, ambaye aibu ilimtisha kuliko jini yeyote, akafungua kinywa tena, na kila alipoita aliitikiwa, labeka aka, labeka aka, kila mara kwa furaha zaidi, kama mtu aliyepotea sokoni akasikia watu wake wanamtafuta, huku bati likigongwa kutoka ndani taratibu, na harufu ya mkate ikitoka hemani nzito mpaka wanawake waliokuwa ndani wakaacha kuimba maombolezo yao mmoja baada ya mwingine, na uwanja mzima ukabaki na sauti mbili tu, ya mliaji aliye hai na ya aliyekuwa ndani ya bati.

Shehe Toktosun, aliyekuwa amekuja kumsalia maiti, akaingia, akaweka kiganja juu ya bati. Alisoma alichosoma. Kugonga hakukukoma.

"Huyu hafukuziki," alisema kwa sauti ya chini. "Ameitwa ndugu, ameitika. Ana kosa gani? Sooronbai, njoo hapa. Kule Moscow ulimtazama usoni?"

"Nilimbusu kwenye..."

"Sikuuliza habari za midomo. Macho."

Mirlan akimfuata nyuma, Sooronbai aliingia hemani, akaangalia viatu vyake. Kile kifua cha kutisha farasi kikatoa sauti kama ya paka aliyelowa. "Walipofunua shuka mochwari nilifumba macho, shehe. Wakaniuliza, ni yeye? Nikatikisa kichwa kukubali. Nilitaka kutoka tu mle ndani."

Hakuna aliyemzomea. Laiti wangemzomea! Mirlan alisogea, pole pole, hatua moja mbali naye.

Apa Uulkan akainamia jeneza, akalipapasa kama anavyopapaswa mtoto mwenye homa. "Mwanangu," alisema, "sisi siyo watu wako, wala mkate wako siyo wa tanuri letu. Lakini una mama mahali, na huyu aliyekuleta atamtafuta mpaka ampate. Lala."

Kugonga kukakoma. Harufu ya mkate ikapungua, ikapungua, ikaisha. Watu wakashusha pumzi, na Mirlan akathubutu hata kucheka kidogo.

Apa Uulkan hakucheka. Alimgeukia mwanawe. "Na wangu? Wangu umemwacha wapi?"

Sooronbai alirudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa sufu. Na kabla hajajibu, hema lilijaa harufu nyingine. Rangi mbichi, ile ya kupaka kuta. Nyuma ya Sooronbai, kwa nje, kitu kikaanza kukwaruza sufu, kikizunguka kuutafuta mlango, na adhuhuri ile ya jua kali juu ya theluji hakikuwa na kivuli.

"Baike," kilisema. "Mbona mnamlilia mgeni, na mimi nimekuja kwa miguu?"

Apa Uulkan alijiziba mdomo. Pazia la mlango likainuka lenyewe.

"Baike. Nitazame."

Sooronbai akafumba macho.

Vidole vya baridi, vinavyonata rangi, vikatua juu ya kope zake, na bila haraka vikaanza kuzifumbua.