Mlenda wa Raheli

Jua lilikuwa linazama Bahi. Methusela alikuwa akifuata mbuzi wake kando ya majaruba ya mpunga. Hakuwafikia.

Shingo ilianza kukaza. Akadhani ni uchovu. Kisha ikageuka... polepole... kama kuna mtu nyuma yake anaisokota. Akajaribu kuirudisha. Haikurudi. Taya likakakamaa, ulimi ukamtoka, macho yakapanda juu na kugoma kushuka. Harufu ya tope ikamjaa puani.

Ndipo ikaja ile sauti. Ndiyo iliyofanya apelekwe hospitali mjini mwaka uliopita, akapewa vidonge vya akili, naye akavikataa.

"Usile kwake," ilinong'ona.

Waliomwokota walisema karogwa. Wakamtaja jirani yao Restuta, mjane anayeishi peke yake, na vijana wakaenda kumchomea nyumba. Raheli, mke wa Methusela, alisimama akitazama moshi.

Bodaboda ikamfikisha Methusela na mkewe zahanati. Nesi Zaitun alimtazama mgonjwa, akamchoma sindano. Haikuchukua muda, shingo ikalegea.

"Hajarogwa huyu," nesi alisema. "Kuna dawa za akili humkaza mtu hivi. Anatumia?"

"Situmii," Methusela alijibu.

Raheli aliinamisha kichwa. "Nilikuwa nasaga vile vidonge ulivyovikataa, baba Fabian. Nakutilia kwenye mboga, kwenye mlenda."

"Mimi? Mumeo?"

"Ulikuwa unaongea na ukuta usiku kucha. Niliogopa..."

"Na Restuta? Nyumba yake inateketea, na wewe unajua hana kosa!"

Nesi akawasihi waende kliniki wote wawili, dawa ibadilishwe, na asipewe tena kwa siri. Methusela aliitikia tu. Mwanamke aliyempikia miaka yote sasa alimwona kama mgeni.

Nyumbani hakugusa chakula. Alikaa chini akimenya karanga zake mwenyewe, mgongo ukutani. Raheli akapiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, mume wangu. Sasa unajua kila kitu."

Upepo ulikuwa umetulia. Hata mbuzi walikuwa kimya.

Kutoka kona ya giza, nyuma ya magunia ya mtama, kitu kikanong'ona...

"Bado hajasema yote."

Methusela alishaizoea. Hakuinua hata kichwa.

Aliyegeuka kutazama ile kona alikuwa Raheli.