Ukungu Uliokataa Kuondoka

Kila jioni, baada ya kuvua sare ya shule, Chapuchapu alifungua bomba akamwagilia nyasi za mbele ya nyumba. Mama alikuwa amemwagiza afanye kazi hiyo asubuhi, lakini asubuhi usingizi ulikuwa mtamu. Maji ni maji, alijiambia, na nyasi hazina saa. Jina la Chapuchapu alipewa na kaka yake, kwa kuwa alifanya kila jambo mbio, hata kupiga mswaki.

Nyasi zenyewe zilikuwa za Bibi, fundi cherehani, aliyelazwa hospitalini kwa upasuaji wa goti. Angerudi na magongo, na daktari alitaka ajifunze kutembea mahali laini. Kwingine kote uani kulikuwa na saruji.

Kisha kwenye nyasi yakatokea mabaka ya duara, rangi ya chai iliyopoa. Kaka alisema nyasi zimeota mba. Chapuchapu akaongeza maji. Mabaka nayo yakaongezeka. Akang'oa nyasi chache, akakimbia nazo kwa muuza mbegu.

"Huu ni ukungu, binti," muuza mbegu alisema. Alikuwa bado anaeleza, Chapuchapu yuko barabarani. Nani asiyejua ukungu? Hushuka alfajiri, jua likichomoza unakwenda zake. Akakaa barazani kulingoja jua. Jua lilitoka siku hiyo na siku zilizofuata. Ukungu haukwenda popote.

Siku aliyorudi, Bibi alisimama langoni, akatazama mabeseni, ndoo na sufuria zilizolala kifudifudi kwenye nyasi zake.

"Mjukuu wangu, siku hizi mnauza vyombo?"

"Hapana, Bibi. Nimeufunika ukungu, usikuudhi. Nimelingoja jua liuondoe, limeshindwa."

Bibi alicheka mpaka Mama akamshika kiuno asianguke. Kaka hakuwa na wa kumshika, akaanguka. Lakini beseni moja lilipoinuliwa, Bibi aliyaona mabaka. Akauliza nyasi humwagiliwa saa ngapi.

Chapuchapu alitazama vidole vyake vya miguu. "Jioni, Bibi. Asubuhi nalala."

Bibi akamweleza kuwa huu si ukungu wa angani. Ni ndugu wa ule unaoota kwenye mkate uliosahauliwa, na hupenda majani yaliyolala na maji usiku kucha. Dawa ya chupa hakuitaka, maana angekanyaga pale miguu mitupu. Akiwa kitini aliamuru nyasi zilizokufa ziondolewe kwa reki na kutupwa mbali, udongo utobolewe kwa uma wa bustani upate hewa, kisha itandazwe mboji iliyoiva, iliyochekechwa. Nyasi zikikatwa zisinyolewe kipara, na maji yawe ya asubuhi, udongo ukikauka tu. Uma alikabidhiwa Kaka, kwa kuwa alicheka kuliko wote.

Chapuchapu akaanza kuamka mapema. Bibi alingoja kitini, magongo mapajani. Mabaka yakasinyaa polepole, majani mabichi yakachungulia. Asubuhi moja, umande ulipokwisha kukauka, Bibi alivua viatu, akaacha gongo moja kando, akavuka nyasi zote kwa hatua ndogondogo. Chapuchapu alimtangulia kinyumenyume, mikono mbele, tayari kumdaka.

"Kumbe polepole unaijua," Bibi alisema, akihema. "Basi shika haya. Kazi ina saa yake. Ukiifanya saa unayopenda wewe, umeiharibu. Na mtu akikueleza jambo, msikilize mpaka..."

"Ndiyo, Bibi," alisema Chapuchapu.

"Sijamaliza."

Chapuchapu akafumba mdomo, akangoja.