Jina Lililokuwa Kwenye Kompyuta Namba Nne

Kila asubuhi, kabla kengele ya mstari haijagongwa, Rediet Asfaw alikuwa amekwisha kula firfir yake ya mkate uliolowekwa mchuzi, amekunywa chai ya moto, amejifunika shuka zito mabegani na kuushuka mteremko wa Dessie hadi shuleni. Mwezi wa Hidar baridi ya mji ule haina mzaha, lakini Rediet hakuwa mtoto wa kuvutwa blanketi. Chumba cha kompyuta kilifunguliwa saa moja kamili, na yeye alipenda kuwa wa kwanza mlangoni.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la saba, tena mwanachama wa klabu ya kompyuta. Shule yao ilikuwa na zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana, na kompyuta zote nane zilitumiwa kwa kupokezana. Mwaka ule klabu ilikuwa na kazi moja tu: kuandika programu ya kukisaidia kituo cha afya cha mtaani kujua tarehe za chanjo za watoto wachanga. Muuguzi wa kituo, Sista Yeshi, alikuwa ameahidi kuja Ijumaa kuiangalia. Ikimridhisha, angeanza kuitumia.

Ili kazi ya watu wengi isivurugane, Mwalimu Molla alikuwa ameweka mfumo wa kutunza matoleo yote ya kazi hiyo, ambao wanafunzi waliuita Ghala. Kila kompyuta ilikuwa na nakala yake ya kazi. Mtu akimaliza sehemu yake aliihifadhi, akaandika kwa ufupi alichofanya, kisha akaisukuma ghalani. Wengine waliivuta kutoka huko. Ghala liliandika kila jambo: nani amebadilisha mstari upi, siku gani, saa ngapi.

"Kabla hujagusa kitu, iambie kompyuta jina lako," Mwalimu Molla alirudia kila wiki. "Kompyuta haina macho. Utakachoiambia ndicho itakachoamini."

Kompyuta namba nne ilipoletwa, Rediet ndiye aliyeiandaa. Ilikataa kuhifadhi chochote mpaka ijue inafanya kazi na nani. Angeweza kuipanga imuulize jina kila anayeketi mbele yake, ila kwa hilo ilibidi asome kurasa mbili za maelekezo. Rediet aliandika jina lake, mara moja kwa siku zote, akaendelea na shughuli zake.

Kilichowatoa jasho wanaklabu ni Pagume, mwezi wa mwisho wa kalenda yao. Miezi kumi na miwili yenye siku thelathini haikuwa na taabu. Lakini huo wa kumi na tatu una siku tano tu, au sita mwaka ukiwa mrefu, na programu iliuhesabu kama mwezi mzima. Mtoto aliyezaliwa Pagume tatu, ambaye chanjo yake ni baada ya wiki sita, aliambiwa aje Meskerem kumi na tano, katika mwezi wa kwanza, badala ya Tikimt kumi, katika mwezi wa pili. Wiki mbili zamu ya asubuhi ilikuwa imeuhangaikia mwezi huo bila kuuweza.

Jumatatu asubuhi Rediet aliketi kwenye namba nne, akaomba kuvuta kazi mpya kutoka ghalani. Kompyuta ikakataa. Ilimwambia kwamba faili ya miezi imebadilishwa humo ndani na mabadiliko hayajahifadhiwa; akivuta, yatapotea.

"Sijaigusa faili ya miezi tangu wiki iliyopita," Rediet alisema.

Biruk, rafiki yake aliyeketi namba tano, alinyoosha shingo. "Ifute, wewe. Mwenyewe angeitaka angeihifadhi."

"Na kama ni kazi ya mtu?"

"Mtu gani? Labda jini la mchana." Biruk alicheka. "Futa tuendelee, kengele iko karibu."

Kidole cha Rediet kilikuwa tayari kwenye kitufe. Lakini kufuta kitu ambacho hujakisoma ni sawa na kumwaga chungu bila kufunua, na yeye alipenda kufunua. Akafungua faili. Alikuta mistari ishirini na miwili iliyopangwa vizuri, na juu yake maneno machache: "Pagume si mwezi mzima. Uhesabiwe peke yake."

Alisoma mara mbili. Hakufuta. Aliiambia kompyuta iyaweke kando mabadiliko yale, akavuta kazi mpya, kisha akayarudisha. Mahali pamoja mistari iligongana na kazi ya Biruk, kwa hiyo akaketi kuilinganisha neno kwa neno mpaka ikakaa sawa. Mwisho akajaribu mtoto wa Pagume tatu. Kompyuta ikaandika: Tikimt kumi.

"Imekubali," alisema kwa sauti ndogo.

"Usinitanie," Biruk alisema, akahamisha kiti chake kabisa.

Rediet aliihifadhi kazi, akaandika "Pagume imerekebishwa," akaisukuma ghalani. Pembeni Ghala likaandika jina la aliyefanya: Rediet Asfaw. Aliliona. Alijiambia kwamba mchana angeuliza kazi ni ya nani. Kisha kengele ikagongwa, likaja somo la hesabu, baadaye la Kiamhari, na mchana ukapita.

Jumanne, kwenye mstari, Mwalimu Molla alisimama mbele ya zamu nzima ya asubuhi. Hakuwa mtu wa kusifu ovyo, kwa hiyo wanafunzi walinyamaza wenyewe.

"Wiki mbili Pagume imetutesa," alisema. "Jana asubuhi mmoja wetu ameimaliza. Rediet Asfaw, pita mbele. Ijumaa ndiye atakayemweleza Sista Yeshi namna hesabu ilivyopatikana."

Makofi yakapigwa. Miguu ya Rediet ilimpeleka mbele kabla kichwa hakijaamua. Jua lilikuwa linampiga usoni, na kwa muda mfupi alijiona mrefu kuliko mlingoti wa bendera.

Nyumbani alimkuta mama yake ameshaweka kahawa na shayiri ya kukaanga. "Majirani wamekuja kunipongeza kabla wewe hujafika," mama alisema. "Mwanangu, umeniinua kichwa." Rediet alitafuna shayiri yake akiwa ameinamisha kichwa. Alijua amevikwa kilemba cha ukoka, na kila aliyemsifu alikuwa anakikaza.

Siku ya pili alimwambia Biruk ukweli wote.

"Sasa kosa lako liko wapi?" Biruk aliuliza. "Mimi nilisema tufute. Wewe ndiye uliyeiokoa. Bila wewe ingekuwepo?"

"Isingekuwepo. Lakini sikuiandika."

"Ghala linasema umeiandika."

"Ghala linasema nililoliambia," alijibu Rediet, na maneno yake mwenyewe yakamchoma.

Siku hiyo hakwenda nyumbani. Alisubiri zamu ya mchana, na klabu yao ilipoanza, alimkuta msichana mwembamba wa darasa la sita kwenye namba nne, ameinamia kioo. Aliitwa Hayat Seid, na alikuwa amejiunga na klabu Ijumaa iliyopita.

"Unatafuta nini?" Rediet alimuuliza.

"Mistari yangu, dada," Hayat alisema. "Niliiacha hapa Ijumaa. Nilijaribu kuingia kwa jina langu, Ghala likanikataa, likasema halinijui. Mwalimu alikuwa hajaniandikisha na alikuwa ameshaondoka, nikaona aibu kumsumbua mtu. Niliporudi Jumatatu sikuiona." Alitabasamu kidogo. "Si kitu. Nimeona wewe ulishaipata kabla yangu. Tena hesabu yetu inafanana mno. Nikajiambia, kumbe sikuwa mjinga, hata Rediet wa asubuhi amefikiri hivyo hivyo."

Rediet alivuta kiti akaketi. Ingekuwa rahisi zaidi kama yule mtoto angemkasirikia.

"Ulijuaje Pagume ihesabiwe peke yake?" aliuliza.

"Mdogo wangu alizaliwa Pagume tatu. Mtu wa kujitolea wa kituo cha afya alimhesabia mama siku vibaya, mama akambeba mtoto kwenye ule mlima wote, akaambiwa siku bado, arudi. Siku ile baba alinikalisha chini, tukahesabu kwa punje za dengu mpaka nikaelewa."

"Hayat," Rediet alisema, "ile iliyoko ghalani si hesabu yangu iliyofanana na yako. Ni yako. Niliikuta hapa, nikaihifadhi, na kompyuta hii inajua jina langu tu kwa sababu niliipanga kivivu. Jana nimepigiwa makofi yako, nikanyamaza."

Hayat aliangalia kioo, kisha akamwangalia Rediet. "Kwa hiyo haikupotea?"

"Haikupotea."

"Basi twende kwa Mwalimu," alisema Hayat.

Mwalimu Molla alikuwa anasahihisha madaftari. Rediet alisimulia yote akiwa amesimama, tangu kurasa mbili alizokataa kusoma hadi makofi ya mstarini. Mwalimu aliweka kalamu chini.

"Mimi nami nina sehemu yangu," alisema. "Nilisoma jina, sikuuliza. Na Hayat nilichelewa kumwandikisha. Sasa wewe unataka nifanye nini? Niifute ile kumbukumbu ya Jumatatu?"

Rediet alitafakari. Kufuta kungeficha kosa lake vizuri sana. "Hapana, Mwalimu. Ibaki. Nataka kuweka masahihisho juu yake, watu wayaone."

"Haya. Rekebisha kwa mkono wako."

Alasiri ile Rediet alisoma zile kurasa mbili, mstari kwa mstari. Aliliondoa jina lake kwenye namba nne, akaipanga imuulize jina kila anayeketi. Mwalimu alimwandikisha Hayat. Kisha Rediet aliirudisha nyuma kazi ya Jumatatu, kumbukumbu yake ikibaki, na kuihifadhi upya, na safari hii akaandika: "Hesabu ya Pagume imeandikwa na Hayat Seid. Rediet Asfaw ameiunganisha na kazi ya wengine. Jina la kwanza lilikosewa." Hayat alibonyeza kitufe cha kusukuma. Ghala likakubali bila kusita.

Alhamisi, kwenye mstari wa asubuhi, ambao Hayat alikuja mapema kuuhudhuria, Rediet aliomba kusema. Alisimulia yote tangu Jumatatu. Wengine waliguna. Mmoja wa nyuma alisema, "Kumbe alituibia makofi," na wachache wakacheka. Rediet alisikia, akamaliza alichokuja kusema, kisha akamwita Hayat mbele kwa jina lake kamili. Shule ikapiga makofi kwa mara ya pili, na Rediet akayapiga pamoja nao.

Jioni alimweleza mama yake pia. Mama alichochea makaa. "Jumanne nilijivunia ulichokifanya," alisema hatimaye. "Leo najivunia wewe."

Ijumaa Sista Yeshi alifika na daftari lake kubwa la watoto. Hayat alieleza hesabu, mwanzoni akiiambia sakafu, baadaye akimtazama muuguzi machoni. Sista Yeshi alichagua mtoto mmoja mmoja kutoka daftarini na kulinganisha: wa Hidar, wa Nehase, wa Pagume moja, wa Pagume tano. Watoto kumi na wanane, na tarehe zote zilikuwa sawa.

"Na kama nyinyi wengi mnaandika jambo moja," Sista Yeshi aliuliza, "mnajuaje kwamba mmoja hajaharibu kazi ya mwenzake?"

Hayat alimgeukia Rediet. Rediet alisogea mbele, akafungua Ghala, akamwonyesha kumbukumbu zote, pamoja na ile ya Jumatatu na masahihisho yake. Hakuruka kitu. Sista Yeshi alisoma polepole, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Daftari linaloonyesha makosa yake ndilo ninaloweza kulikabidhi watoto wa watu," alisema. "Jumatatu njooni kituoni mniwekee."

Wanaklabu walishangilia hadi wa chumba cha jirani wakagonga ukuta. Biruk alimpiga Hayat begani, akamwambia, "Karibu asubuhi, jini la mchana," na Hayat akacheka pasipo kujua kwa nini aliitwa hivyo.

Mgeni alipoondoka, Mwalimu Molla aliwaita wote wakae.

"Wiki hii mmejifunza zaidi ya hesabu za Pagume," alisema. "Ukikuta kazi usiyoijua, usiifute, isome, iweke mahali salama, umtafute mwenyewe. Ukiandaa chombo cha watu wengi, kiandae kwa ajili ya wote, maana uvivu wa dakika kumi unaweza kumnyima mtu haki yake. Na ukipewa sifa isiyo yako, irudishe mapema, ingali nyepesi. Rediet alichelewa siku mbili, lakini aliirudisha mbele ya watu wote walewale waliompa. Kwa hilo ninajivunia kuwa mwalimu wake, kama ninavyojivunia akili ya Hayat."

Rediet na Hayat walikuwa wameketi benchi moja. Hakuna aliyeinamisha kichwa.