Hodi ya Upande wa Bahari

Taulo ndizo zilizoanza. Kila jioni mhudumu wa chumba aliacha kitandani taulo mbili zilizokunjwa mfano wa bata maji, moja ya Shamina na moja ya bibi yake. Jioni ya tano, meli ikitoka Huahine kwenda Bora Bora, walikuta bata watatu.

"Amekosea kuhesabu," alisema Shamina.

"Au ameona ninavyokula, akadhani tuko watatu," alijibu Dadima, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Dadima ndivyo Shamina alivyomwita mama mzazi wa baba yake, Bi Mehrunissa, mzaliwa wa Tanga. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Sasa Shamina alikuwa na miaka kumi na sita. Kwao palikuwa Toronto, ghorofa ya kumi na moja katika mojawapo ya majengo marefu ya Rexdale, na safari ile ilikuwa zawadi ya Amu Jamaludin wa Vancouver kwa Dadima kutimiza miaka sabini. Siku kumi katika visiwa vya Polinesia, Februari ya 2014, wakati watu wa Toronto wanachota theluji kwa majembe. Meli ilikuwa nyeupe kama sukari. Ilikuwa na mabwawa mawili ya kuogelea, mpiga piano, na meza ya matunda ambayo Dadima aliizunguka kila asubuhi akibonyeza mapapai kama yuko sokoni Ngamiani. Chumba chao kilikuwa juu kabisa, kina roshani yake na mlango wa kioo. Nje ya roshani hapakuwa na kitu ila bahari.

Shamina hakuiunganisha taulo ya tatu na jambo lililotokea jana yake, maana lilikuwa jambo dogo mno. Jua lilikuwa linazama. Dadima alikaa kitandani akimenya chungwa, roshani ikiwa nyuma yake. Kioo kikagongwa mara tatu, taratibu, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kusumbua.

"Karibu!" alisema Dadima bila kugeuka. "Karibu ndani, karibu."

Maisha yake yote kila aliyegonga mlango alimjibu hivyo. Kuuliza "nani?" kabla ya kukaribisha, kwake yeye, ulikuwa uchoyo.

Shamina aliutazama mlango wa kuingilia, hakuona mtu. Ndipo alipotambua kwamba mlio wa kugonga haukutoka huko. Aligeukia roshani. Palikuwa na viti viwili, ukuta mfupi wa chuma, na maji mpaka mwisho wa macho. Mlango wa kioo ulikuwa wazi kiasi cha upana wa bega.

"Dadima, umemkaribisha nani? Huko ni bahari."

"Ya Ali!" Dadima alishika kifua, kisha akajicheka mwenyewe. "Nimekaribisha upepo. Funga mlango, mwanangu, baridi ya mashine inatoka."

Shamina akafunga. Hakujua kwamba anamfungia ndani.

*

Wiki ya pili baada ya kurudi Rexdale, kiti cha marehemu babu kilianza kulowa. Kilikuwa kiti cha kitambaa, kando ya dirisha la sebuleni, na hakuna aliyekikalia. Kila Shamina alipokigusa magharibi ilipoingia, alikuta mahali pa kukalia pamelowa maji, na harufu ya mwani na chumvi, nje theluji ikianguka.

"Bomba linavuja," alisema baba yake, Nadim, akivaa viatu vya kazi. Alikuwa akifanya zamu za jioni katika ghala karibu na uwanja wa ndege.

"Baba, hapo hapapiti bomba."

"Basi juu linavuja. Nitamwambia msimamizi wa jengo."

Dari lilikuwa kavu.

Halafu Dadima alianza kukonda. Alikula kama kawaida, hata zaidi, lakini kila tonge alisema halina chumvi. Mwezi wa Machi alianguka jikoni, chapati ikiungua. Hospitalini daktari alieleza kwamba kiharusi kimepiga upande wa ubongo unaotunza maneno. Mguu utapata nguvu. Maneno, huenda hapana. Wagonjwa wengine, alisema, hubakiwa na neno moja tu, lile walilolitumia sana, na kila wanachotaka kusema hutoka kwa neno hilo.

Dadima alibakiwa na "karibu".

Aliwaambia manesi karibu walipomchoma sindano. Alipotaka maji alisema karibu. Usiku wa kwanza nyumbani alilia, na kilio chake kilikuwa karibu, karibu, karibu, mpaka Shamina akaziba masikio. Asubuhi yake Shamina aliacha shule. Nadim alisema ni kwa muda tu, naye akakubali kwamba ni kwa muda tu.

Kila asubuhi alikuja Epifani, mama wa Kikongo kutoka Mount Dennis, kumwogesha Dadima. Alikuwa mnene, mwenye kuimba tenzi za kanisani, asiyeogopa kitu. Siku ya nne alitoka chumbani na beseni mkononi, haimbi.

"Shamina," alisema kwa sauti ya chini. "Baba yako ameenda kazini?"

"Amelala. Ametoka zamu."

"Amelala wapi?"

"Chumbani kwake. Kwani nini, mama?"

Epifani aliweka beseni chini polepole. "Nilikuwa nageuza bibi. Bibi ni muzito. Kuko mutu akanisaidia upande wa pili, akashika mabega yake vizuri kabisa. Nikasema mersi. Kisha nikainua macho."

"Ukaona nini?"

"Sikuona kitu. Ila mashuka upande ule ni maji matupu." Alikuwa tayari anavaa koti. "Nitawaombea sana. Lakini nitawaombea nikiwa kwetu, Mount Dennis."

*

Mtu wa mambo haya alipatikana Malvern, upande mwingine wa Toronto. Mzee Mehboob aliendesha basi la shule, na babu yake alikuwa fundi wa kupunga majini huko Pemba. Alifika Jumamosi alasiri na ubani ndani ya kopo la biskuti. Kwanza alikivisha king'ora cha moshi kofia ya plastiki ya kuogea.

"Mara ya kwanza nilisahau," alisema. "Zimamoto walikuja magari matatu. Jini alitulia tuli, mimi ndiye niliyekimbia."

Nadim, aliyesimama mlangoni amekunja mikono, alikaribia kutabasamu. Mehboob akafukiza, akasoma, akazunguka vyumba vyote. Moshi ulikwenda kila mahali isipokuwa kwenye kile kiti. Pale uligawanyika ukapita pembeni, kama maji yanavyolipita jiwe.

Mzee alifunga kopo lake. Utani ulikuwa umemtoka. "Huyu siwezi kumtoa," alisema. "Hakuvamia. Alibisha, akajibiwa, akaingia. Ni mgeni, na anakula chakula cha mwenyeji wake. Ndiyo maana bibi anakonda."

"Atakula mpaka lini?" aliuliza Shamina, aliyekumbuka sasa kile kioo kilichogongwa melini.

Mehboob aligeukia chumba cha Dadima. "Aliyemkaribisha ndiye wa kumuaga. Amwambie kwaheri kwa kinywa chake, amsindikize mpaka mlango wa upande alioingilia. Mtu mwingine akimwambia, hasikii."

"Mama yangu hana neno," alisema Nadim. "Ana moja tu."

"Lipi?"

Wakamwambia. "Basi mfundisheni la pili," alisema Mzee Mehboob.

Shamina alimfundisha Dadima. Kila siku, majuma matatu, alikaa mbele ya Dadima na kioo kidogo cha mkononi. "Kwa," alisema. "Kwa. He. Ri." Dadima alimtazama midomo, jasho likimtoka, uso mzima ukifanya kazi. Siku moja alisema "kwa". Wakakumbatiana. Siku nyingine, Nadim akiwa amepiga magoti kando ya kitanda, alifika mpaka "kwahe", na harufu ya mwani ikajaa chumba kana kwamba mtu amewafunulia jahazi la samaki, na ulimi wa Dadima ukageuka mdomoni kama kitu kinachoshikwa na vidole vya mtu mwingine.

"Karibu," alisema, machozi yakimtiririka. "Karibu."

Mifupa ya mabega yake sasa ilionekana juu ya kanga. Mehboob alipopigiwa simu alisema, "Basi miguu ifanye kazi ya ulimi. Mwinueni, amsindikize. Na asiseme kitu. Mtu yeyote asiseme kitu."

Walifanya hivyo Jumapili, saa ambayo jua la Aprili linashuka nyuma ya majengo ya barabara ya Kipling. Nadim alifungua mlango wa roshani ya sebuleni, wa kioo kama ule wa melini, akaushika usifungwe na upepo. Mehboob alisimama pembeni akisoma moyoni. Shamina alimshika Dadima kiuno kwa mikono miwili, kwa sababu nje ya mlango ule kulikuwa na ghorofa kumi na moja za hewa. Dadima alikuwa ameelewa kila kitu. Alijitanda kanga yake vizuri, kama mtu anayetoka na mgeni wa heshima, akakisogelea kile kiti, akatoa mkono wake mzima na kuonyesha njia.

Kiti kikalia, mlio wa kitu kizito kinachonyanyuka, na maji yakaanza kudondoka sakafuni, tone, kisha matone, kisha alama ya unyayo mpana uliolowa juu ya zulia, kisha mwingine mbele yake, na Dadima akatembea sambamba nazo akiburuta mguu mbaya, na Shamina akatembea nyuma yake amemkumbatia, akisikia ubavuni mwake baridi iliyokuwa si baridi ya Toronto, baridi ya kina cha maji, na pumzi ndefu inayoguguma kama ya mtu anayepumua ndani ya mtungi, akihesabu hatua, saba, sita, tano, akimwomba Mungu kimyakimya kwamba miguu ya bibi yake isikunjike sasa, siyo sasa, mpaka wakafika kwenye kizingiti na nyayo zikavuka, moja, mbili, zikalowesha saruji ya roshani, na ile pumzi ikawa nje.

Harufu ikakatika. Hewa ya nyumba ikawa hewa ya nyumba. Nadim alianza kulia bila sauti, akausukuma mlango kuufunga.

Na Dadima, aliyekuwa hajawahi hata siku moja kumwacha mgeni aondoke mlangoni pake pasipo kumwambia arudi tena, aliinua mkono wake. Shamina aliuona mdomo ukifunguka. Mikono yake yote miwili ilikuwa kiunoni mwa bibi yake. Hakuwa na mkono wa tatu wa kumziba.

"Karibu," alisema Dadima.

Kisha macho yake yakajua alichosema.

Mlango ulikuwa umebakiza upana wa bega. Nadim aliusukuma kwa nguvu zake zote, haukwenda.

*

Bi Mehrunissa alizikwa mwisho wa mwezi ule. Siku zake za mwisho alikaa na kiganja chake kizima juu ya mdomo, hata alipolala, na alipofariki walikikuta hapo hapo. Baada ya maziko Mzee Mehboob alimshika Shamina mkono kwa muda, akaondoka. Aliyeweza kumuaga yule mgeni alikuwa ametangulia.

Kioo hakikugongwa tena. Shamina hakurudi shule. Magharibi ilipoingia alipakua sahani tatu, na Nadim, ambaye mwanzoni aliuliza, akaacha kuuliza.

Alasiri moja mwezi wa Juni mlango wa mbele uligongwa. Shamina alikuwa jikoni, mikono imejaa unga. Alikuwa amejizoeza kutojibu. Alibana midomo akaanza kufuta mikono.

"Karibu," sauti ikajibu kutoka chumba kilichofungwa cha Dadima. Ilikuwa sauti yake hasa, ya zamani, kabla ya kiharusi, isipokuwa iliguguma kidogo. "Karibu ndani, karibu."

Shamina aliukimbilia mlango wa mbele. Alikishika kitasa kwa mikono ya unga, akaegemeza mwili mzima mlangoni.

"Shamina?" Ilikuwa sauti ya Epifani, na mfuko wa karatasi ukichakarika. "Nilisikia habari ya bibi, nimeleta pole. Ni nani amenijibu?"

"Usiingie, mama. Tafadhali. Rudi nyumbani."

"Lakini nimeshakaribishwa," alisema Epifani taratibu, kama mtu anayesikiliza kitu kingine, na kitasa kikaanza kuzunguka chini ya vidole vya Shamina.

Nyuma yake, sebuleni, kiti kilivutwa, vile mwenyeji anavyomwandalia mgeni mahali pa kukaa.